Gauni la Ninga na Wimbo Wangu wa Krismasi

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kihistoria!

Asubuhi nilikuwa nafupisha suruali ya kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili, mara gari jeusi likasimama mbele ya kiwanda changu cha ushonaji. Akashuka bwana mwenye suti iliyokatwa vibaya mabegani. Niliona. Akajitambulisha: yeye ni kaka wa Ninga, na tena ndiye meneja wake. Ninga! Ninga yule yule, mwimbaji ambaye kila simu ya mtaa huu inalia kwa sauti yake. Nikakaa. Nilikalia mto wa pini. Sikusikia maumivu mpaka alipoondoka.

Habari yenyewe ni hii. Ninga anatoa albamu ya Krismasi. Nusu nyimbo mpya alizotunga mwenyewe, nusu zile za zamani ambazo kila mtu alizisikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Nikauliza mbona Septemba. Meneja akasema Krismasi ya redioni hupikwa mapema. Wanataka gauni la picha ya jalada: mahameli nyekundu, refu, la kushika mwili. Fundi wao wa siku zote amesafiri, na mtu kawaambia kuna mzee hapa ana mkono mwepesi. Mzee! Nimelisamehe neno hilo kwa ajili ya Ninga.

Halafu, akiwa mlangoni, simu yake ikaita. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Albamu imepungukiwa wimbo mmoja! Ninga kautupa aliokuwa ameutunga wa mwisho, haumridhishi. Wanatafuta mwingine, na studio wameikodi mpaka wiki ijayo tu.

Wamepungukiwa wimbo mmoja. Na mimi nina wimbo mmoja. Na ni wa Krismasi!

Niliutunga zamani, mapacha wetu walipokuwa wachanga, mguu mmoja ukikanyaga cherehani na mwingine ukitikisa kitanda chao. Ubeti wa kwanza unaanza hivi:

*Nyota yang'aa juu ya zizi*
*kama kifungo cha koti jipya...*

Kila nikifika kwenye kifungo, machozi hunilenga.

Nimeapa kutomwambia mtu. Nimemwambia kinyozi tu. Nikamwimbia kidogo. Akakuna kichwa, akasema mbona kama anaujua. Nikamweleza kwamba wimbo mkubwa ndivyo ulivyo: ukiusikia mara ya kwanza tu, unahisi unaujua.

Mke wangu, Mama Pacha, ambaye ndiye anayetia vifungo na kumalizia pindo hapa kiwandani, kasema nishone gauni kwanza.

Jumanne, 3 Septemba

Amekuja mwenyewe.

Nilitegemea radi. Akaingia mwanamke mfupi, kafunga kitambaa kichwani, kavaa ndala, anapiga miayo. Akanisalimia kwa adabu, shikamoo fundi, akaulizia afya ya Mama Pacha kana kwamba tunakutana kila siku sokoni. Nilikaribia kuvunjika moyo. Huyu ndiye Ninga? Angeweza kuwa mteja yeyote aliyeharibikiwa zipu.

Kisha tukapima. Mama Pacha kashika ncha moja ya futi, mimi nyingine, chini ya mbavu. Nikamwomba avute pumzi kama anataka kuimba.

Mungu wangu!

Sijui niandikeje. Nimepima watu tangu ujana: wabeba mizigo, wapiga ngumi, mabwana harusi wenye vitambi. Mtu akivuta pumzi hupanuka kidogo, basi. Huyu alivuta, akaendelea kuvuta, mpaka futi ikaniponyoka vidoleni. Halafu akaishika ile pumzi humo ndani, kimya, kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa pomoni na hamwagi hata tone. Miayo ilikuwa imekwisha usoni. Alikuwa mtu mwingine. Nikasahau kuandika kipimo. Nikamwomba arudie, na mara ya pili nikasahau tena. Mama Pacha ndiye aliyeandika.

Nilipopata fahamu nikakumbuka wimbo wangu. Nikaanza kuuvumisha puani, kama mtu asiye na habari, huku nikibana kitambaa. Nilikuwa na pini mdomoni. Ninga akaniuliza kwa huruma kama jino linaniuma.

Jambo la pili, baya. Amekuja na mpambaji wake, bwana wa makamo aliyepaka nywele rangi, wote wanamwita Poda. Amekalia stuli yangu muda wote akijitazama kwenye kioo changu. Naye alikuwa anavumisha! Nikatega sikio. Ulikuwa wimbo wa Krismasi, na si katika zile zinazojulikana. Tulitazamana kwenye kioo. Yeye anajua na mimi najua.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda studio. Kisingizio: fundi lazima aone mahameli inavyoonekana chini ya taa zao. Lengo halisi: kupita kwenye korido nikiimba, Ninga asikie, atoke, aulize nani huyo.

Studio iko ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Kuta zimevishwa sponji nyeusi kama magodoro. Feni imezimwa ili isisikike, kwa hiyo wote wanatoka jasho. Pembeni wameweka mti wa Krismasi wa plastiki wenye taa za kumetameta, ili waimbaji wapate hisia. Waitikiaji ni akina mama watatu, na mkubwa wao anaitwa Shangazi. Mbele ya mashine amekaa fundi mitambo, jitu la miraba minne lenye taulo shingoni. Hazungumzi, anatumia dole gumba tu: juu, sawa, chini, rudia.

Niliambiwa nisimame kwenye kona na nisipumue kwa kelele.

Ninga akaanza. Hakukuwa na ngoma wala kinanda. Wimbo wa zamani kabisa, ule wa wachungaji na kondoo, ambao nimeusikia mpaka nikadhani umekwisha utamu, kama sketi iliyofuliwa ikapoteza rangi. Aliushika chini, karibu anazungumza. Nikawaona wachungaji. Sisemi kwa mfano, niliwaona. Walikuwa wamechoka na miguu yao ina vumbi. Maisha yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba wale walikuwa watu wa zamu ya usiku, wafanyakazi kama sisi, waliotaka kukuche wakalale. Halafu akapanda. Sauti ikapita juu ya vichwa vyetu, ikazunguka chumba, na ile sponji ya ukutani haikuweza kuifanya kitu.

Fundi mitambo alikuwa amenyoosha mkono kushika kitufe. Mkono ukabaki hewani. Wimbo ukaisha. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Shangazi, aliyeimba naye miaka na miaka, alikuwa anajipangusa na ncha ya kanga. Nami nikagundua kwamba kile kipande cha mahameli nilichokuja nacho nimekikunja na kukikunja mpaka kimekuwa kama yai.

Dole gumba likapanda juu, polepole.

Kuhusu wimbo wangu: sikuukumbuka mpaka nilipofika ngazini. Aibu! Nikarudi haraka. Nikachungulia chumba cha kupambia. Na nikaona nini? Poda anampaka Ninga unga wa usoni, na huku anamwimbia! Sikioni kabisa! Naye macho kafumba, hawezi kukimbia! Ndiyo maana watu wanasomea upambaji. Mpambaji ana sikio la mteja. Fundi nguo ana nini? Mgongo!

Jumamosi, 7 Septemba

Nimepata dawa.

Gauni likimkaa sawasawa mara ya kwanza, atalichukua, ahsante, kwaheri. Gauni likibana, lazima arudi. Akirudi atasimama mbele ya kioo changu, katika chumba changu, na Poda atakuwa mbali na brashi zake.

Nimepunguza kiuno. Kidogo tu. Vidole viwili. Pengine vitatu.

Mama Pacha kaja na kikombe cha chai, kaona alama za chaki, kasema mwimbaji hupumulia tumboni na nguo yake inahitaji nafasi. Nikamwambia ndiyo mitindo ya sasa. Aliniangalia tu, kwa yale macho yake ya kutafutia kifungo kilichoanguka. Nikajifanya natafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mambo yamekwenda kama nilivyopanga, na nimejisikia vibaya, na halafu yamekwenda vizuri kuliko nilivyopanga. Nieleze.

Ninga kaja peke yake. Mama Pacha alikuwa kaenda kununua zipu. Kavaa gauni nyuma ya pazia, katoka. Uzuri! Ile rangi! Kama moto uliotulia. Lakini hawezi kukaa, na pumzi inaishia kooni. Alijigeuza kwenye kioo huku na huku.

"Fundi," akasema, "niambie ukweli. Nimenenepa, eh?"

Njia zilikuwa mbili: kukiri, au kukana. Nikapita ya tatu. Nikasema kidogo tu, dada, si sana.

Uso ukamshuka. Akaanza kuzungumza akijitazama kwenye kioo, si kwangu. Akasema akiwa na hofu hula. Akasema albamu hii ni ahadi. Mama yake, aliyefariki mwaka jana, alimwambia miaka yote kwamba ameimbia wapenzi walioachana, ameimbia waliooana, lini ataimba Krismasi? Akawa anaahirisha. Sasa anaimba, na mama hayupo, na kila wimbo mpya anaoutunga kwa ajili ya mama yake unatoka kama tangazo la sabuni. Imebaki nafasi ya wimbo mmoja, na ni wa mama. Hajui aweke nini.

Nilisikia kitu kikinichoma moyoni. Mtu muungwana angekiri papo hapo.

Mimi nikaimba.

Na maneno yakanikimbia! Yote! Nyota, zizi, hata kifungo! Nikabaki na sauti tupu, na-na-na, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Nikafumba macho nikaendelea, maana kunyamaza kungekuwa aibu zaidi.

Nilipofumbua, Ninga alikuwa kanigeukia. Kashika futi yangu kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Umeutoa wapi huu?" akaniuliza.

"Kichwani mwangu, dada," nikasema.

Akaniomba niimbe tena. Nikaimba tena. Akawa anatikisa kichwa taratibu, midomo inamtetemeka, kama anayemsikiliza mtu anayeongea chumba cha pili. Halafu akaingia nyuma ya pazia, akavua gauni, akatoka ndala ya kulia iko mguu wa kushoto, akasema Mungu akubariki fundi, Mungu akubariki sana. Akaondoka anakimbia.

UMEKUBALIWA! Wimbo wangu umekubaliwa! Poda, kwaheri!

Nimemtangazia kinyozi. Yeye kawatangazia waliokuwa wakinyolewa. Mmoja alitoka mbio kuja kunipa mkono, upande mmoja wa kichwa una nywele.

Jumatano, 11 Septemba

Meneja kapita asubuhi kuulizia gauni. Kasema dada yake hali chakula tangu juzi, anakunywa maji tu, anataka kiuno kiingie. Kasema jana studio alipata kizunguzungu, Shangazi akamshika.

Ile sauti! Ile pumzi ya beseni! Na mimi ndiye ninayeifungia njaa, kwa ajili ya vidole vitatu vya mahameli!

Alipoondoka nikalirukia gauni. Nikafumua mishono yote miwili ya ubavuni, nikarudisha kiuno mahali pake, nikakishikiza kwa bandi, yaani ule mshono wa muda, wa uzi mwepesi, ambao hata mtoto anauvuta kwa vidole ukafumuka. Lengo ni kushikiza kwanza, halafu kupitisha cherehani. Kila fundi hufanya hivyo.

Nikiwa nafungua cherehani, ubeti wa pili ukanijia. Kwa kuwa wimbo sasa ni wa albamu, beti lazima ziongezeke. Ulihusu punda anayekwenda safari, kavaa tandiko lisilo na bitana. Huwezi kuliacha jambo kama hilo likapotea. Nikaingia chumba cha nyuma kuandika.

Nilipotoka, meza ilikuwa nyeupe. Gauni halipo! Dereva wa meneja kalichukua. Mama Pacha ndiye aliyempa. Kasema alinisikia naimba huko nyuma kwa furaha, akajua kazi imekwisha.

Nimejituliza. Ni gauni la picha. Mtu wa picha anasimama tu. Hapumui.

Alhamisi, 12 Septemba

Bado naisikia ile sauti vidoleni. Nitaandika kwa mpangilio nikiweza.

Meneja alipiga simu: wimbo umepatikana, Ninga anakutaka studio, usichelewe. Nikavaa suti yangu ya harusi za watu. Kinyozi kaninyoa ndevu na kunipaka kitu cha kunukia. Nikapanda zile ngazi kama bwana harusi.

Kwanza nikaona kamera. Mpiga picha kazitega taa pande zote. Meneja akaeleza kwamba wamebadili mpango: watampiga picha akiwa anaimba kweli, ndani ya gauni, wimbo wa mwisho, mara moja tu, hapo hapo. Damu ikanishuka hadi kwenye soksi. Ninga alikuwa keshavaa. Niliona bandi yangu ubavuni, uzi mweupe kwenye mahameli nyekundu. Nikanyanyua mkono kusema kitu.

Ninga akaanza yeye kusema. Akawaambia wote kwamba wimbo kaupata kwangu. Nikaushusha mkono. Nikanyoosha kola.

Akasema ni wimbo wa zamani, ambao mama yake alikuwa akiuimba akiosha vyombo, kila Desemba, na yeye aliusahau kabisa mpaka fundi alipouimba bila maneno, kama alivyoimba mama, kwa sababu mama naye hakuyakumbuka maneno.

Wa zamani?

Akaanza kujaribu sauti, taratibu. Na wale akina mama watatu wakaingia! Hawakufundishwa. Fundi mitambo akawa anaitikia kwa miguno. Meneja anajua! Mpiga picha anajua! Wazo langu la kwanza: wimbo wangu umevuja. Nikamtazama Poda kwa jicho kali. Naye alikuwa anauimba, mikono kifuani, mpole kama mtoto.

Nikamnong'oneza Shangazi, nikamuuliza kausikia wapi. Akanishangaa. Akasema aliukuta duniani, na bibi yake pia aliukuta.

Hapo nikamsikia mama yangu. Marehemu mama, aliyenifundisha kushona. Nilikuwa nikikaa chini ya meza yake, karibu na kikanyagio cha cherehani, mdogo hata mkasi siruhusiwi kushika, na huko juu sauti ilikuwa inavuma pamoja na gurudumu. Sauti hii hii. Sikuutunga. Nilitiwa wimbo huu kabla sijajua kwamba nina masikio, ukakaa miaka yote, ukangoja watoto wangu wazaliwe ndipo utoke. Na kina mama wangapi wengine, katika nyumba ngapi, waliupenyeza hivi hivi, bila kusema?

Dole gumba likapanda. Ninga akavuta pumzi.

Nikaisikia bandi. Tk. Tk.

Aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia redioni, sauti ya mtu aliye jikoni na hajui anasikilizwa. Ubeti wa pili akaufungua. Tk, tk, tk. Akafika pale wimbo unapopanda, na akapanda nao, kifua kikafunguka chote, na ubavu wa gauni ukaachia kutoka kwapani hadi nyongani.

Hakunyamaza! Macho kafumba, anakwenda! Shangazi akaruka akalishika gauni kwa mikono miwili, anaimba, hakukosea hata herufi. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika. Nilitambaa kwa magoti na suti yangu, sindano iko kwenye kola kama siku zote, uzi mwekundu mfukoni. Nikashona. Nilimshona Ninga akiwa anaimba!

Na hapa ndipo nisipojua kueleza. Sauti ilikuwa kwenye kitambaa. Kila noti ilipita kwenye mahameli, ikaingia kwenye uzi, ikaja kwenye sindano, ikanigusa vidole. Noti za chini zilikuwa kama paka anayekoroma. Za juu zilikuwa nyembamba, zinawasha, kama unapogusa glasi inayolia. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote nikidhani navijua. Nilikuwa nashona kitu kilicho hai. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa kama imeshikwa.

Mdomoni sikuwa na pini. Hilo ndilo lililoniponza. Ubeti wa mwisho ulipofika kwenye nyota, nikajikuta naimba. Kwa sauti. Na wimbo wenyewe hausemi kifungo. Unasema kitu kingine kabisa. Niligundua nimekwishasema. "Kifungo!" Peke yangu, mtu mzima, miguuni pa Ninga.

Wimbo ukaisha. Nilibaki nimeinama, nangoja kutupwa ngazini.

Fundi mitambo akavua vile vitu vya masikioni. Akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema hawezi kulitoa lile neno, limeingia kwenye kipaza sauti cha Ninga, na wimbo kama huu hautaimbwa mara ya pili. Meneja akashika kichwa. Ninga akasema liache. Akasema mama yake pia alikuwa akiingiza maneno yake.

Halafu akainama, akauvuta uzi mweupe wa bandi uliobaki, akautazama pamoja na vitundu vya mshono wa kwanza.

"Fundi. Huku kiunoni ulipunguza?"

"Mahameli husinyaa, dada," nikasema. "Ikisikia sauti kubwa."

Akacheka! Alicheka mpaka mshono wangu mpya ukajaribiwa, na ukahimili. Akaagiza chakula. Alikula mkate na mayai na sahani ya Poda.

Jumamosi, 14 Septemba

Poda kaja kiwandani, peke yake, kajiinamia. Nikamwekea chai. Akaniambia alimwimbia Ninga wimbo wake kila siku alipokuwa akimpamba, na kila siku Ninga alilala usingizi. Alidhani ni utulivu wa mtu anayefikiri. Juzi kamsikia anakoroma.

Nikamwambia yangu. Tukacheka, tukapangusa macho. Tukakubaliana kwamba sisi ni mafundi, kazi yetu inatutosha, na kwamba kuisikia ile sauti kwa karibu ni riziki ya kutosha kwa mtu yeyote. Alisema kitu kizuri: kwamba akimpaka unga shingoni huiona noti inapita kabla haijatoka. Nilimpenda sana wakati huo.

Akinywa funda la mwisho akasema kasikia Ninga anafikiria albamu ya Pasaka.

Nikamuuliza kama ana wimbo wa Pasaka. Akasema hana kabisa. Akaniuliza mimi. Nikasema hata nusu. Tukapeana mikono kama ndugu.

Alipotoka niliona anakimbia. Nikafunga mlango, nikatafuta kalamu.

Jumatatu, 2 Desemba

Albamu imetoka. Kinyozi kaiweka kwa sauti ya juu tangu afungue.

Ulipofika wimbo wa mwisho, nilisimama mlangoni kwake. Wembe ulisimama. Dada mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kaitua chini, akasikiliza mpaka mwisho, akajitwisha, akaenda zake. Kwenye ubeti wa mwisho, ukitega sikio sana, kuna sauti ya mwanamume, kwa mbali, inasema kifungo. Nimewaonyesha wote. Wamesikia. Bibi mmoja kasema ni mlango.

Kwenye jalada, nyuma, kwa maandishi madogo: mpambaji, Poda. Chini yake: mavazi. Chini yake! Nimemezea. Kuna makubwa zaidi.

Juzi kaja kiongozi wa kwaya kubwa kuliko zote hapa mjini, anataka joho la kuongozea. Mtu mzito, ana watu na vipaza sauti. Mikono ya joho nimeifupisha. Kidogo tu. Lazima arudi.

Na atakaporudi niko tayari, kwa sababu wimbo wangu wa Pasaka umekamilika. Huu ni wangu kabisa, hauna mama wala bibi wa mtu. Ulinijia wenyewe, asubuhi, nikipiga pasi. Jioni hii nimemwimbia Mama Pacha ubeti wa kwanza. Alikuwa anatia vifungo, hakuinua hata kichwa. Nilipotulia kuvuta pumzi, yeye akaendelea na ubeti wa pili, wote, hadi mwisho.

Lazima alinisikia nikiuimba usingizini.